Ajiri fundi mitambo kabla ya DJ wa pili
Mwandishi, makala ni nzuri, lakini hapo uliposema mtu wa kwanza kuajiriwa awe DJ wa pili sikubaliani nawe. Mimi napiga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Dar, na kilichonikuza ni kijana wa mitambo. Umeme ukikatika katikati ya zawadi, anazima swichi ya amplifaya kwanza, anawasha jenereta, anarudisha miksa, kisha amplifaya mwisho kabisa, ili spika zisipigwe na mshindo. DJ hodari asiyejua hilo atakuunguzia spika usiku mmoja. Na nyie ndugu zangu hapo juu mnaosema ukimfundisha kijana atakukimbia na wateja, wengi wanakimbia njaa. Amekunja nyaya mpaka saa nane usiku, halafu unamwambia ajitafutie usafiri wa kurudi Mbagala! Mpe mkataba wa maandishi, nauli na chakula, na umwandikishe NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na yeye hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Kijana anayetunzwa ndiye utakayemwachia seti ya pili Jumamosi yenye harusi mbili. Tuwatunze, jamani.