Mtihani wa Mchana kwa Dereva wa Usiku

Atakaye kuendesha motokaa nchini Kenya hana budi awe ametimiza umri wa miaka 18, apate kwanza leseni ya muda, abandike mbele na nyuma ya gari ile herufi L nyekundu, na aketi na mwalimu ubavuni mwake hadi siku ya mtihani. Siku hiyo ikiwadia, husimamishwa mbele ya ubao uliopangwa mji mdogo wa kuigiza, wenye mizunguko na njia panda, akaamriwa kukipitisha kigari cha kuchezea kutoka pembe moja hadi nyingine huku mtahini akimsaili juu ya alama za barabarani. Kisha hupandishwa garini, akaendesha masafa mafupi mchana kweupe, na akisalimika hapo, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama humpa leseni ya kumfikisha Malindi au Malaba, saa yoyote aitakayo, pasi na mtu pembeni.

Siudharau ubao ule. Asiyejua ni nani mwenye haki ya kutangulia katika mzunguko hastahili kukabidhiwa hata mkokoteni, na ni afadhali afichuke mezani kuliko barabarani. Ila ninaloliona ni kwamba mtihani huu, tangu mwanzo hata mwisho wake, ni wa mchana, ilhali kilicho kigumu katika udereva wa nchi hii aghalabu hutokea jua likishakuchwa.

Na apite mtu usiku kutoka Changamwe kwenda Mariakani, ndipo atakapotambua. Huko trela lililoharibika huachwa njiani bila ya taa, na dalili yake pekee huwa ni matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami, ambayo dereva mzoefu huyatambua kwa mbali akapunguza mwendo, na mgeni huyadhania takataka. Huko anayekuja mbele yako hukuwashia taa kali zisizoshuka, ukawa huna ila kuelekeza macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara hadi apite. Na huko bodaboda isiyo na taa ya nyuma hukuzukia ghafla, ukiwa umeshaikaribia. Hata mchana yako yasiyotahiniwa ipasavyo: mwanagenzi aliyezoea kiwanja tambarare, akitoka kwenye feri pale Likoni na kusimamishwa katikati ya mwinuko, watu kwa mamia wakitembea nyuma yake, hugundua hapo hapo kwamba klachi hakuijua.

Katika jimbo la New South Wales, huko Australia, mwanagenzi aliye chini ya umri wa miaka 25 hulazimishwa kutimiza jumla ya saa 120 za kuendesha mbele ya msimamizi, 20 kati ya hizo zikiwa za usiku, zote zikiwekwa katika kumbukumbu. Na akifaulu, bado hupitia daraja mbili za leseni ya majaribio, ya kwanza kwa mwaka mmoja na ya pili kwa miaka miwili. Kanuni hiyo ni njema kwa watu wenye gari nyumbani na baba wa kuketi pembeni. Hapa kwetu, kijana wa Kisauni anayejichangia ada ya chuo cha udereva ili apate kazi ya kuajiriwa hana gari wala petroli, na saa 120 zingeigeuza leseni kuwa tunu ya matajiri, na kuwaongezea wateja wale wanaoiuza kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo sisemi tuige idadi. Nasema tuige ule usiku. Sheria na iwalazimishe wenye vyuo kumpitisha kila mwanagenzi katika jumla ya saa zisizopungua 10 za usiku na za miinuko, zilizopunguzwa kutoka katika vile vipindi vya kuzunguka kiwanjani, wanafunzi wawili au watatu wakipokezana usukani katika gari moja ili gharama igawanyike, na mwalimu atie sahihi na nambari ya leseni yake, apate kusailiwa pakitokea taksiri. Watakuwapo waalimu watakaolalamika kuwa barabara ya usiku ni hatari mno kwa mwanagenzi. Lakini yule asiyethubutu kumpeleka mwanafunzi wake gizani, naye mwenyewe ameketi pembeni penye breki ya pili, anamwachiaje aende peke yake wiki ijayo?