Chuo kilichokimbia vita kitufungulie mlango

Marafiki, leo tuongee kuhusu uzamili. Tukisikia "elimu ya wakimbizi", watu wanafikiria watoto wa praimari tu. Lakini kati yetu kuna waliomaliza digrii kabla ya kukimbia, na leo wanauza vocha Konyokonyo.

Hapa Juba, Chuo Kikuu kina masomo ya uzamili, hadi ya amani na usalama, mambo ambayo sisi tumeyaishi. Shida ni kwamba popote unapoomba nafasi, swali la kwanza ni vyeti. Na vyeti viliungua na nyumba.

Sasa tukumbushane. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa 1975. Mwaka 1989 vita vikakihamishia Khartoum, na mpaka amani ya 2005 ilipopatikana ndipo kikaanza kurudi. Yaani chuo chenyewe kiliishi ukimbizini! Na Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum: wanafunzi wa huko ndio waliokimbilia huku.

Hatuombi digrii ya bure. Tunaomba tupimwe: mtupe mtihani, walimu watuhoji, anayefeli arudi nyumbani. Si jambo geni. Zambia, mwaka 2019, ilianza na UNESCO kuwapa wakimbizi pasipoti ya elimu, baada ya kukagua karatasi zilizobaki na kuwahoji. Juba nayo inaweza.

Wenye digrii bila cheti, tujuane. Tuandike barua moja, tuipeleke pamoja.