Choo chako hunywa mitungi mingapi?

Hebu jiulize, msomaji, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili: tangu asubuhi, choo cha nyumba yako kimekunywa maji kiasi gani? Bei ya unga twaijua, nauli ya matatu twaijua, lakini hili wengi wetu hatulijui. Wanaolijua vizuri ni watu wanaoishi ndani ya mashua.

Nchini Uingereza ziko familia ambazo makao yao ni mashua nyembamba, kwenye mifereji iliyochimbwa zamani kusafirishia makaa ya mawe. Maji yao safi hukaa kwenye tangi moja. Uchafu wa chooni huingia katika tangi jingine ambalo likijaa sharti likafyonzwe kituoni, tena kwa malipo, au kasha la kubeba kwa mkono la lita 20 hivi. Sasa chukua choo cha kawaida cha lita 9 ukifunge humo. Ukivuta mara mbili tu, kasha linakaribia kufurika! Ndiyo maana wenye mashua hutumia bakuli la aina nyingine, lenye kifuniko kinachofunguka moja kwa moja juu ya tangi. Maji kidogo tu yatosha kulisuuza.

Choo cha nyumbani hakiwezi kuigwa hivyo. Chini ya bakuli lake kuna shingo iliyopinda, ambayo hubaki na maji ili harufu ya bomba isipande ndani. Maji yasiposhuka kwa wingi na kwa kishindo, uchafu haupandi ile kona. Kwa hiyo kupunguza maji kuna kikomo, na huo ndio ukweli ambao mafundi wengi wa vichochoroni hawakwambii.

Lakini kupunguza ni lazima. Nyumba ya ghorofa jijini Nairobi wakati wa mgao ina tofauti gani na mashua? Bwawa la Ndakaini, linalolisha sehemu kubwa ya jiji, huhifadhi mita za ujazo milioni 70 likijaa. Mvua ziliposuasua, mgao ulianza mapema mwaka wa 2017, na mitaa ikawa inapata maji kwa zamu. Mwenye mkokoteni akawa mfalme.

Tupige hesabu. Watu sita, kila mmoja avute mara tano kwa siku, ni mara 30. Kwa tangi la lita 9, hizo ni lita 270, yaani mitungi 13 na nusu ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 50, hizo ni shilingi 675 kwa siku zinazopotelea shimoni. Bila shaka hakuna anayekubali kulipa hivyo, ndipo watoto wanapokatazwa kuvuta na nyumba kuanza kunuka.

Anza na uvujaji. Funua tangi, tia kijiko cha rangi ya chakula, kisha watu wote wakae mbali kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini imechakaa na maji yanapotea usiku kucha. Raba hiyo ni ya bei rahisi. Mwenye nyumba anayekwambia ujinunulie huku bili ya maji ikigawanywa kwa wapangaji wote anafaa kuambiwa wazi kwamba yeye ndiye mwenye choo.

Pili, lile boya. Maji yakipanda hadi kwenye bomba la kumwagikia, boya liko juu mno. Kama mkono wake ni wa chuma, upinde chini kidogo; kama ni wa plastiki, tafuta parafujo yake uizungushe. Shusha kwa upana wa kidole kimoja, si zaidi. Ukishusha mno, utapiga mkono wa choo mara tatu kabla maji hayajakubali kushuka.

Wengine hutumbukiza tofali ndani ya tangi. Mimi siliafiki hata kidogo, kwani hulika polepole na changarawe zake huharibu raba. Afadhali chupa ya plastiki ya lita moja, ijazwe maji na mchanga kidogo, ifungwe vizuri na kusimamishwa mbali na boya. Lita moja kila mvuto, mara 30, ni mtungi mmoja na nusu kwa siku. Kwa bei ile ile, ni shilingi 75, au shilingi 2,250 kwa mwezi.

Ijaribu kwa juma moja. Mkianza kuvuta mara mbili, itoeni mara moja, maana mara mbili za lita 8 ni 16. Tena mkumbuke mpangaji wa chini. Bomba refu la zamani lisipopata maji ya kutosha, uchafu wa ghorofa ya nne hukwama, na hujitokeza bafuni kwake yeye, si kwenu.

Anayejenga au kukarabati anunue choo cha vitufe viwili, lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa haja kubwa. Ile familia ya watu sita, mara 24 za lita 3 na mara sita za lita 6, itatumia lita 108 badala ya 270.

Na siku ambayo mfereji umekauka kabisa, maji ya kufulia nguo yanafaa sana. Yamwageni bakulini kwa ndoo, kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno. Kumwaga kidogo kidogo hakusukumi kitu. Msiyatie ndani ya tangi. Sabuni na nyuzi za nguo huganda kwenye ile raba mliyoibadilisha juzi.