Fahali Wawili, Zizi Moja

Walimu wawili wa ngoma wakigombana, hakosekani mtu wa kutoa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Basi mmoja huondoka, na wakubwa hujipongeza kwamba amani imerudi. Mimi nasema amani hiyo ni ya uongo. Naijua, kwa maana nami niliwahi kuileta.

Katika kikundi nilichokiongoza tulikuwa na walimu wawili wa sindimba, ngoma ya Wamakonde. Mmoja alikuwa mzee kutoka Newala, aliyetaka ichezwe kama alivyoikuta kwao, watu wameizunguka. Mwingine alikuwa kijana aliyesomea Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Yeye alitaka ifupishwe, wachezaji wawaelekee watazamaji walioketi upande mmoja. Ikafika hadi wakawa wanarushiana maneno mbele ya wanafunzi. Nikaitisha kikao, nikasikiliza robo saa, nikatoa hukumu: ifuatwe njia ya jukwaani. Wakapeana mikono, tukanywa soda. Mwezi uliofuata mzee hakuonekana tena, na midundo aliyokuja nayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameishika.

Baada ya miaka nilikwenda kumwomba radhi. Safari hii nilikaa barazani kwake nikanyamaza. Alizungumza hadi adhuhuri, wala hakutaja jukwaa. Alisema, "Mwanangu, yule kijana alikuwa akinisahihisha mbele ya watoto." Nikamwendea kijana. Naye akaniambia kwamba kila alipomwuliza mzee maana ya hatua fulani, alijibiwa, "Hayo si ya umri wako." Mmoja alitaka heshima, mwingine alitaka kufundishwa. Mimi nilikuwa nimehukumu kesi ambayo haikuwapo! Na mikono ya mzee ilikwisha anza kutetemeka. Ngoma hakuweza tena kuipiga.

Wapo watakaosema kusikilizana ni kupoteza wakati, onyesho linakaribia. Nami nawauliza: kumpata mwalimu mwingine wa aina ile huchukua siku ngapi? Wengine watasema kusikiliza ni ulegevu. Hawajajaribu. Mwache kila mmoja aseme hadi amalize, bila kukatizwa. Kisha mwenzake arudie aliyoyasikia, mpaka mwenye maneno akiri, "Naam, ndivyo." Hapo ndipo kiongozi afumbue kinywa. Mwenye kosa bado ataambiwa kosa lake. Kumsikiliza mtu si kumpa haki asiyo nayo. Lakini ataambiwa kosa alilolitenda kweli.

Ndugu msomaji, mtoto akija kujifunza, jambo la kwanza tunalomwambia ni kwamba asiyeisikia ngoma hawezi kuicheza. Tunamwambia hivyo kila siku, kisha tunaingia kikaoni, na sisi wenyewe tunacheza bila kusikia.