Ubaya wa Nakala Nzuri

Saa bandia ziko za namna mbili, na kila tunapojadili bidhaa feki tunazitia kapu moja. Ya kwanza anaijua kila aliyewahi kupita Kariakoo, Kamukunji au mtaa wa Karama kule Dubai. Usoni imeandikwa Rolex, ndani ina betri na mashine ya bei ya kutupa, mkanda wake unanyofoa nywele za mkono, na dhahabu yake inaanza kuchujuka kabla mwenyewe hajaizoea. Muuzaji anajua ni feki, mnunuzi anajua, na jirani atakayeiona mkononi anajua pia. Ya pili haipangwi juu ya turubai kando ya barabara. Huagizwa China kwa oda, hugharimu dola mia kadhaa, ina chuma kizito, kioo kisichokwaruzika ovyo, na mashine ya kujijaza yenyewe inayopiga mapigo 28,800 kwa saa sawasawa na ile ya asili. Mnunuzi wake mara nyingi hatafuti kuonekana tajiri. Ni mpenzi wa saa hasa, anayezikusanya, kuzilinganisha na kubadilishana na wenzake, na anasema bila kificho kwamba furaha yake haimdhuru mtu. Dai hilo linastahili jibu zito kuliko yale yanayotolewa kila siku. Kwa maoni yangu, kadiri nakala inavyozidi kuwa nzuri ndivyo madhara yake yanavyoongezeka, na anayeugharamia huo uzuri ni huyuhuyu mpenzi wa saa.

Tumtendee haki kwanza. Kabla nakala ya Submariner, saa ya mzamiaji ya Rolex, haijafungwa kwenye boksi, muuzaji humtumia mteja picha za saa ileile atakayopokea, na mteja hukaa nazo akizikagua. Tarakimu ya tarehe imekaa katikati ya kile kijilenzi kilichobandikwa juu ya kioo, ambacho kwenye saa halisi hukuza mara mbili na nusu? Pembetatu ya kwenye pete ya nje imenyooka na alama ya 12? Herufi zilizochongwa kwenye ukingo wa ndani zimekutana na vistari vya dakika, au zimepishana kwa unywele? Huletewa pia picha ya kipima mwendo inayoonyesha saa inakimbia au inachelewa kwa sekunde ngapi kwa siku. Kama haridhiki, anaikataa na kudai nyingine. Wapo wanaojifunza kufungua mfuniko wa nyuma, kubadilisha raba za kuzuia maji na kutia mafuta mahali panapostahili. Ujuzi huo si wa kubezwa. Wapo wenye Rolex halisi ambao hawajui hata kama saa yao inatumia betri au haitumii.

Mashtaka ya kawaida hayamfikii mtu huyu. Mwaka 2009 Shirikisho la Viwanda vya Saa vya Uswisi lilishiriki kampeni ambayo ujumbe wake, kwa ufupi, ulikuwa kwamba mvaaji wa saa feki naye ni feki. Hayo ni matusi tu. Utafiti wa kisaikolojia uliochapishwa mwaka 2010 ulionekana kuyapa nguvu: washiriki walioambiwa kwamba miwani waliyovaa ni bandia walidanganya zaidi katika majaribio kuliko walioambiwa ni halisi. Lakini wawili kati ya waandishi wake watatu walikuwa pia miongoni mwa waandishi wa utafiti mwingine, tena kuhusu uaminifu, ambao ulifutwa mwaka 2021 baada ya kugundulika kwamba data zake zilighushiwa. Sisemi kwamba ule wa 2010 ni wa uongo, ila heri tusiutumie kuwahukumia watu tabia zao. Hoja ya hasara nayo haina miguu. Mauzo ya saa za Uswisi katika nchi za nje yalifikia takriban faranga bilioni 26.7 mwaka 2023, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla, na kwa miaka kadhaa wateja wa Rolex wamekuwa wakiandikishwa kwenye orodha za kusubiri. Aliyetoa dola 500 kwa nakala hakuwa na dola 10,000 za kununulia halisi akaamua kuzibana. Zipo takwimu za shirika la OECD na ofisi ya Umoja wa Ulaya ya miliki bunifu zinazokadiria biashara ya bidhaa ghushi kuwa dola bilioni 464 mwaka 2019, sawa na asilimia 2.5 ya biashara ya kimataifa, lakini humo mna dawa, viatu, vipodozi na vipuri vya magari. Dawa feki huua. Saa feki haiui, na kuzijumlisha pamoja hakutusaidii kuelewa lolote.

Madhara yenyewe yako kwingine, na majaji wa Marekani waliyagusa zamani. Mwaka 1955 mahakama ya rufaa jijini New York iliamua shauri la kampuni ya Mastercrafters, iliyotengeneza saa ya mezani yenye umbo la Atmos, saa maarufu ya LeCoultre inayojiendesha kwa mabadiliko ya joto la hewa. Saa ya Mastercrafters ilikuwa ya umeme na ya bei nafuu, na aliyeinunua aliuona waya wake, kwa hiyo hakudanganyika. Mahakama iliona kwamba hilo halitoshi. Wapo wanunuzi walioitaka ili mgeni atakayeketi sebuleni aidhanie Atmos, na huyo mgeni, ambaye hakuwapo dukani na hakuona risiti, ndiye anayepotoshwa. Mwaka 1986 mahakama ya Florida ikaitumia fikra hiyohiyo katika shauri la Rolex za bandia. Wanaopinga mkondo huo wa sheria wanasema unalinda majivuno ya matajiri, na sebuleni kweli wana hoja. Mgeni aliyeidhania saa ya mwenyeji wake kuwa ya thamani hajapoteza hata senti. Lakini mweke huyo mgeni mahali pengine, mbele ya meza ya muuza saa za mitumba akiwa na akiba yake mkononi, na jambo linageuka.

Saa nzuri huishi kuliko mmiliki wake. Huuzwa mwenyewe akipungukiwa, hugawiwa katika mirathi, huibwa, huwekwa rehani. Mpenzi wa saa alijua alichonunua, lakini ujuzi wake haukuchongwa kwenye chuma. Kilichochongwa ni jina la Rolex na namba ya mfululizo, ambayo kwenye nakala nyingi huwa imenakiliwa kutoka saa halisi. Baada ya mikono mitatu hakuna anayekumbuka. Tusidhani kwamba kudanganyika ni kwa wajinga tu. Novemba 2021 nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Geneva saa ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga milioni tatu, na aliyeinunua alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali na ikawanyoshea kidole waliokuwa wafanyakazi wake. Ile ilikuwa kesi ya vipande halisi vingi vilivyopangwa kwa hila, si nakala kutoka China, lakini funzo lake linatuhusu: ikiwa mtengenezaji mwenye kumbukumbu za kiwanda anaweza kulipa mamilioni kwa kisichokuwa, mwalimu mstaafu wa Mombasa anayeuziwa saa "iliyotoka Dubai kwa mjomba" atajiokoa kwa nini? Fundi saa wa mtaani, hata awe hodari namna gani, hana daftari la namba za mfululizo. Kwa feki ya Kariakoo angemwonya mteja kwa kuitazama tu. Kwa nakala ya daraja la juu inabidi aifungue, na hata akiifungua atakuta mashine iliyoigwa sura mpaka michoro ya kwenye madaraja yake, vile vibamba vinavyoshikilia magurudumu.

Mwenye kabati la nakala atajibu hapa kwamba yeye hajamuuzia mtu uongo, na walaghai wangekuwepo hata asipokuwepo. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Walaghai wangekuwepo, lakini wangebaki na bidhaa duni, kwa sababu mlaghai hahitaji saa iliyo sawa kwa unywele. Kwake inatosha idumu mpaka fedha zibadilishane mikono. Anayedai kijilenzi kikuze sawasawa, herufi zikutane na vistari na mashine ifanane hata mahali pasipoonekana ni mpenzi wa saa. Yeye ndiye mkaguzi wa ubora asiyelipwa wa karakana hizo, tena analipa yeye. Kila kasoro anayoitaja na kuikataa ni alama moja ambayo mnunuzi wa mitumba angeitumia kuikwepa hasara, na toleo linalofuata linatoka bila alama hiyo. Kisha saa zilezile, kutoka meza ileile ya kazi, humfikia yeye na mlaghai kwa bei moja.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni ya kihistoria. Waswisi wenyewe walikuwa wanakili wakubwa. Katika karne ya 18 saa nyingi zilizotengenezwa Bara Ulaya ziliuzwa zikiwa na majina ya Kiingereza na neno London usoni, na katika karne ya 19, viwanda vya Marekani vilipopata sifa, zikatoka Uswisi saa zenye majina yaliyosikika kama ya Kimarekani. Abraham-Louis Breguet aliandamwa na waigaji kiasi kwamba mnamo 1795 alianza kuweka saini ya siri kwenye nyuso za saa zake, ndogo hata haionekani mpaka mwanga uipige kwa pembe. Kwa hiyo Geneva haina mdomo wa kuifokea Guangzhou. Nakubali kabisa. Ila historia hiyohiyo ina upande ambao watetezi wa nakala hawaufikishi mwisho. Kuiga kulikozaa ufundi ni kule ambako hatimaye mwigaji aliandika jina lake. Kiwanda cha saa cha Tianjin kilinunua kutoka Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mitambo ya kutengenezea mashine ya Venus 175, kikaitumia kuunda saa za kupimia muda za jeshi la anga la China. Leo kizazi cha mashine hiyo kinauzwa kwa jina la Sea-Gull, kwa bei ya dola mia chache, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaitafuta kwa heshima. Vilevile mashine ya ETA 2824, ambayo hataza zake zilikwisha muda, hutengenezwa China kihalali na viwanda kadhaa. Mapenzi ya gurudumu na springi yana pa kwenda bila kuazima jina la mtu.

Hapo ndipo linapoingia suala la bei. Inasemwa kwamba saa hizi zimegeuzwa anasa kwa makusudi, kwamba bei ya dukani haina uhusiano na gharama ya chuma, na kwamba nakala inamfungulia mlango aliyefungiwa nje. Bei kweli haina uhusiano huo. Sehemu kubwa ya dola 10,000 inalipia jina. Lakini basi mpenzi wa mashine hana sababu ya kulililia jina hilo. Umbo la saa ya mzamiaji la mwaka 1953, na pete yake inayozunguka na akrabu zake nene, linauzwa kihalali na makampuni chungu nzima yenye majina yao wenyewe, mengine yakiwa na mashine ya Seiko ambayo fundi wa Kariakoo anaweza kuifungua na kupata vipuri vyake. Swatch ilipotoa mwezi Machi 2022 saa ya betri yenye sura ya Speedmaster kwa takriban dola 260, watu walipiga foleni usiku kucha katika miji mikubwa, kwa sababu neno Omega lilikuwepo usoni, safari hii kwa ruhusa. Sioni ubaya wa kupenda jina. Ubaya ni kulipenda jina kisha kujitetea kwa mapenzi ya mashine.

Je, sheria imguse mkusanyaji? Ufaransa na Italia humwadhibu hata mnunuzi, na Uswisi tangu Julai 2008 huruhusu forodha kumnyang'anya msafiri saa yake bandia hata kama ni moja na ni ya kuvaa mwenyewe. Naona hilo ni kuvuka mpaka. Mkataba wa kimataifa wa miliki bunifu, TRIPS, unaziruhusu nchi kuacha mizigo midogo isiyo ya biashara, na sheria ya Kenya ya mwaka 2008 ya kukabiliana na bidhaa ghushi imeifuata njia hiyo: adhabu zake zimelenga biashara, na kilichoingizwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani kimeachwa. Ni sahihi, maana polisi wa kukagua mikono ya watu barabarani watakuwa na mengine ya kukagua. Lakini wakusanyaji wa sarafu walishapata suluhisho ambalo kwa saa halijajaribiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda burudani ya kukusanya sarafu inataka kila sarafu ya kuiga ichongwe neno la kuonyesha kwamba ni nakala. Sarafu za namna hiyo bado zinatengenezwa, zinanunuliwa na kufurahiwa, na si rahisi mjane kutapeliwa nazo. Wenye nembo za saa watapinga mpango kama huo, kwa kuwa jina lao litabaki usoni bila idhini, na mlaghai mwenye msasa anaweza kuifuta alama ikiwa imechongwa nje tu. Ichongwe basi ndani ya mfuniko na kwenye daraja kuu la mashine, ambako fundi yeyote ataiona siku saa itakapofunguliwa. Haibadilishi mwendo, uzito wala sura ya saa mkononi. Mkusanyaji hahitaji kuisubiri sheria: saa ni yake, na kalamu ya kuchongea chuma haifiki hata sehemu ya kumi ya bei aliyolipa.