Mchezo wa kadi mtandaoni kutoka Moshi: Swali la kwanza si programu, ni fedha

Ukipita vijiwe vya Moshi jioni utakuta vitu viwili: karata mezani na simu mkononi. Watu wanapiga lasti kadi, na pembeni kuna mmoja anachungulia kama mkeka wake umechanika.

Ndiyo maana kijana wa Kilimanjaro anayejua kuandika programu hachelewi kupata wazo hili: mchezo wa kadi za kukusanya, unaochezwa na watu wengi kupitia kivinjari cha simu. Unapanga seti yako, unapambana na mtu wa Marangu au Mwanza, na kadi usiyoitaka unabadilishana na mwenzako.

Wazo ni zuri. Shida ni kwamba wengi huanza na michoro na programu, wakati kuna swali moja linaloamua mengine yote: je, kadi itaweza kugeuka fedha?

Biashara iko kwenye pakiti

Karata za kijiweni ni 52 na ni za wote. Kadi za kukusanya ni tofauti, kila mchezaji ana zake. Aina hii ilianza Marekani mwaka 1993 na Magic: The Gathering ya Richard Garfield. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996.

Siri ya biashara hiyo ni pakiti iliyofungwa. Unalipa kabla hujajua umepata nini.

Tupige hesabu ya mfano. Pakiti ina kadi tano na inauzwa Sh1,000. Kadi adimu hutokea mara moja katika kila kadi 100. Kwa wastani, kuipata ni pakiti 20, yaani Sh20,000. Lakini wastani unadanganya. Katika kila watu 100 watakaonunua pakiti 20, takriban 37 wataondoka bila kadi hiyo hata moja. Wengi wa hao wataongeza buku nyingine, halafu nyingine.

Hapo ndipo mchezo wa kadi unapoanza kufanana na mkeka.

Sheria inaangalia nini

Katika nchi nyingi, mchezo huitwa wa kubahatisha ukiwa na mambo matatu: unalipa, bahati inaamua, na unaweza kupata kitu chenye thamani. Ubelgiji ilitumia hoja hiyo mwaka 2018 kutangaza kwamba makasha ya bahati yanayolipiwa ndani ya michezo ya video ni kamari.

Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo hiyo. Sasa jiulize, nani atakuwa wa kwanza kupenda mchezo wenye kadi za wanyama na mashujaa? Ni mwanafunzi wa sekondari mwenye simu ya dada yake.

Ukiruhusu kadi ziuzwe kwa fedha, kisha ukauza pakiti za bahati, umejiweka kwenye mikono ya Bodi na kwenye mifuko ya watoto. Ni busara kubisha hodi kwa Bodi mapema, kabla ya kuunganisha malipo ya simu.

Hata wakubwa wameanguka

Mtu anaweza kusema fedha ndiyo itakayovuta wachezaji. Historia inasema tofauti. Novemba 2018 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo wa kadi wa mtandaoni uitwao Artifact. Mbunifu wake alikuwa Garfield yuleyule wa mwaka 1993. Mchezo ulilipiwa dola 20, pakiti zikalipiwa tena, na kadi ziliuzwa sokoni kwa fedha halisi.

Ndani ya miezi michache wachezaji wengi walikuwa wameondoka. Mwaka 2021 Valve iliacha kuuendeleza na ikaufanya uwe wa bure. Kampuni yenye fedha na jina haikuweza kulazimisha watu walipie kila hatua.

Kampala ina mfano wa karibu zaidi. Kola Studios waliuchukua Matatu, mchezo wa karata ambao Waganda tayari waliujua, wakauweka kwenye simu. Hawakuhitaji kumfundisha mtu sheria za mchezo.

Mzani wa kahawa

Kubadilishana kadi kunahitaji uaminifu, na hilo Kilimanjaro inalijua kitambo. Wakulima wa kahawa waliunda umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU yenye makao Moshi. Mkulima akipeleka kahawa yake chamani, anataka mzani wa kweli na daftari lisilofutwa.

Mchezo wa kadi nao unahitaji daftari hilo, na mahali pake ni kwenye seva. Simu ya mchezaji ioneshe tu. Isiamue nani ana kadi gani wala nani ameshinda. Ukiiachia simu iamue, mjanja mmoja atajitengenezea kadi adimu elfu moja usiku mmoja, na za wengine wote zitapoteza maana.

Kuna pia kukatika kwa mtandao. Asha anampa Baraka kadi, mtandao unakata katikati. Kanuni ni moja: ama kadi zote mbili zihame, ama isihame hata moja.

Mchezo wa zamu unafaa hapa. Mchezaji apewe hata saa 24 kucheza zamu yake, kwa hiyo bando likiisha au ukishuka bondeni hupotezi pambano. Picha ziwe nyepesi, na simu ya bei ndogo iweze kufungua mchezo bila kupakua programu nzito. Tangu 2022 intaneti ya kasi ya TTCL imefika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hata mpagazi akiwa kambini anaweza kumaliza zamu yake.

Usisahau taarifa za wachezaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume husika. Usiyoihitaji, usiikusanye.

Kadi za kwetu

Hapa Moshi ina utajiri. Kuna mti wa mita 81.5 kwenye bonde la Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko yote Afrika. Kuna isale, jani ambalo Wachagga hulitumia kuombea msamaha. Fikiria kadi ya isale inayosimamisha pambano!

Lakini kuna Mangi Meli pia, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na ukoo wake bado unatafuta fuvu lake. Huyo si wa kuwekwa kwenye pakiti ya bahati. Nenda kaongee na wazee kwanza. Na msanii anayechora alipwe kwa mkataba wa maandishi.

Waanzie wapi?

Na karatasi. Garfield aliujaribu mchezo wake na wanafunzi wenzake chuoni kabla haujauzwa. Kadi 60 zilizochapwa stesheni zinatosha kuonesha kama watu wanataka kurudia mchezo kesho. Kisha yaje mapambano ya mtandaoni, halafu kubadilishana kadi kwa kadi, bila fedha.

Mapato yatoke kwenye seti ambazo mnunuzi anaona kilichomo kabla ya kulipa. Seti hizohizo zikichapwa, mtalii anayeshuka mlimani anaweza kuondoka na moja.

Faida itakuja polepole kuliko ya pakiti za bahati. Lakini mikeka tunayo ya kutosha. Kijana wa Moshi akitengeneza mchezo ambao mama yake hataogopa kumwachia mdogo wake, hapo atakuwa ameleta kitu kipya mjini.