Mmea wa hewa haushibi hewa



Leo nina neno na wauza maua, na zaidi na mabibi harusi mnaojiandaa kuingia nyumba mpya. Mmeiona ile mimea midogo yenye majani ya rangi ya fedha, isiyo na udongo, iliyopachikwa juu ya kipande cha gogo au kwenye bakuli la kioo? Huitwa mimea ya hewa, na kitaalamu ni tilandisia. Ni jamaa wa nanasi. Asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Ajentina, ambako hukaa juu ya matawi na majabali. Kwa anayehamia fleti isiyo na hata kiwanja cha kuoteshea mchicha, ni zawadi nzuri. Kinachoniudhi ni maneno yanayouzwa nayo: "Huu hautaki kazi, unakula hewa."

Uongo huo una anayeulipia. Bibi harusi anaupokea, anaupanga kabatini na vikombe vyake vipya, baada ya wiki kadhaa umekuwa kama makuti. Wifi akipita anatabasamu: huyu mkono wake haustawishi kitu. Jamani, mmea umekufa kwa kiu, na hakuna aliyemwambia unywe nini!

Mizizi yake ni ya kushikilia tu. Maji unayanywa kwa majani, yaliyofunikwa vigamba vidogo mno vyeupe. Basi mara moja kwa wiki uzamishe wote kwenye maji kwa dakika 20 hadi 30, kisha ukung'ute na uulaze kichwa chini juu ya kitambaa. Ndani ya saa 4 uwe umekauka. Hapo pa kukausha ndipo watu wanapopapuuza, na kwa unyevu wa visiwani ndipo pagumu hasa. Maji yakituama katikati ya majani, shina linaoza. Wakati wa masika uweke chini ya pangaboi. Shina likiwa jeusi na majani ya katikati yakichomoka ukiyavuta kidogo, ndio umeshaoza. Majani yakijikunja kuliko kawaida, una kiu.

Maji ya kisima chenye chumvi usiyatumie, na visima vingi vya pwani tunavijua. Kinga ya mvua. Yanayobaki bakulini mwagia kopo la asumini, israfu ya nini?

Na shaba! Najua masinia na madele ya bibi yanapendeza kwenye picha, lakini shaba ni sumu kwa mimea ya jamii hii. Usiuloweke humo, wala usiufunge kwa waya wa shaba. Chupa yenye kifuniko nayo iache, hewa lazima ipite. Weka karibu na dirisha lenye mwanga, mbali na jua kali la mchana.

Ua lake hutoka mara moja tu maishani. Likishanyauka, mama huanza kuchoka taratibu huku akitoa watoto shinani, kwa hiyo usiutupe kwa kudhani umeharibika. Mtoto akifikia theluthi au nusu ya mama yake, unaweza kumtenga.

Sasa, kuna mabibi harusi wanaotaka kumpa kila mgeni mmea mmoja aondoke nao. Mimi siafiki. Wageni mia mbili, na wangapi kati yao wataloweka kila wiki? Ni kiumbe hai hicho, si pipi ya kutia mkobani. Mpe shoga yako aliyeomba, na umwandikie karatasi ya maelezo.

Ukienda kununua, muulize muuzaji mara ya mwisho aliuloweka lini. Akijibu kuwa haujawahi kuguswa na maji, mrudishie.